Waliokufa kwa Baridi Kyela

Kuna kitabu mahali fulani huko Ulaya, kama hakijaliwa na panya au kuungua katika vita vyao, kinachosema kwamba watu wa tambarare ya Kyela hufa sana kwa baridi. Aliyewahi kukanyaga Kyela atacheka. Sisi wa kando ya Ziwa Nyasa tunalowa jasho tukiwa tumekaa tu, na ikifika saa tatu asubuhi mbuzi wameshaanza kugombania kivuli cha migomba. Lakini kitabu kimesema, na kitabu hakibishani na mtu. Mimi ndiye niliyekiambia.

Nilikuwa karani wa vifo. Cheo hicho hakikuwa rasmi, watu ndio walionipa, na akina mama waliwavuta watoto ndani waliponiona napita na daftari kwapani. Ilikuwa enzi ya Wajerumani, miaka kadhaa kabla vita yao haijatufikia. Bwana mganga wa boma, yaani daktari wao, alitaka kujua watu wa nchi hii wanakufa kwa nini. Akagawa madaftari. Kila mwezi karani apite vijijini, aulize nani amefariki, aandike kama ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mtoto, na katika safu ya mwisho, iliyokuwa pana kuliko zote, aandike sababu. Madaftari yakijaa yalipanda mlimani bomani yakajumlishwa, jumla ikaenda Dar es Salaam kwa gavana, na kutoka huko ikapanda meli.

Upande wetu tulikuwa makarani wawili. Vijiji vya Katumba Songwe, kandokando ya mto, alipewa mtu wa pwani, Mwislamu wa makamo mwenye kanzu safi, aliyekuja na boma. Kinyakyusa hakukijua hata cha kuombea maji ya kunywa. Akifika msibani alimwonyesha mfiwa mwili wake mwenyewe. Anashika kichwa, anakunja uso. Anashika kifua, anakohoa. Anashika tumbo, anajikunyata, mpaka mfiwa aitike kwamba ndiyo, ni hapo. Kisha anaandika alichoonyeshwa.

Nilimcheka sana. Nilimwigiza mbele ya wenzangu niliosoma nao kwa wamisheni, nikishika tumbo na kugaagaa chini, nao wakacheka mpaka wakalia. Mimi mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, Mkisi wa ufukweni, na Kinyakyusa nilikipata kwa watoto tuliokuwa tukiogelea nao. Kiswahili nilisomeshwa nikakishika barabara. Vijiji vya Bujonde nilipewa mimi kwa sababu hiyo: bwana mganga alitaka mtu anayeijua lugha. Watu husema kuuliza si ujinga. Mimi ujinga wangu wote ulikuwa katika kuuliza.

Bujonde ndiko alikoolewa dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minane, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akichimba udongo wa vyungu. Baba alitaka niingie mtumbwini kama wanaume wote wa ukoo, na dada ndiye aliyemwambia, akiwa bado binti asiyestahili kusikilizwa, kwamba nyavu zitapata wengine lakini mimi nipelekwe shule. Baba alinuna msimu mzima, kisha akanipeleka. Kila herufi niliyopata kuandika ina mkono wa dada ndani yake. Nasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa na nini cha kupoteza, maana mimi mwenyewe nilijisahau.

Basi kazi yangu ilikwenda hivi. Nafika kwenye mji wa mfiwa, nabisha hodi, nasalimu mugonile kwa sauti ya chini, natoa pole, ndaga, neno ambalo ni asante pia, nakaa kwenye mkeka nitakaopewa. Sikuwa na haraka. Nikishakunywa maji nauliza kwa Kinyakyusa safi kabisa: ni nini kilichomuua? Na jibu, nyumba kwa nyumba, lilikuwa moja. Imbepo.

Neno hilo ukimuuliza mtoto atakwambia ni baridi. Ni upepo pia, na ni pumzi. Lakini mtu mzima akilisema msibani haongelei hali ya hewa. Anasema imbepo sya bandu, baridi ya watu. Maana yake ni kwamba majirani walikasirika. Mtu amemtukana mama yake, au amemzika baba bila kuchinja ng'ombe kama inavyopasa, basi watu wananung'unika kwenye vibaraza vyao, na pumzi ya manung'uniko hayo inamwendea mkosaji au mtoto wake, inamwingia mwilini kama ubaridi, anaugua. Hakuna aliyemroga. Wamemsema tu, na kusemwa kunatosha.

Nami katika ile safu pana nikaandika: baridi.

Wapo wanaonihurumia nikifika hapa, wakidhani nilikosea tafsiri. Sikukosea tafsiri. Nilijua vizuri wanachosema. Ila nilikuwa nimebatizwa, nimevaa shati, na niliona aibu kumpelekea mzungu daftari lililojaa majirani na pumzi zao. Angesema hawa bado washenzi, na mimi mmoja wao. Kuacha safu wazi kungeonyesha sikufanya kazi. Baridi lilikuwa neno safi, linatamkika mezani. Lilitoka vinywani mwao kama lilivyo, na hakuna ambaye angenishtaki kwamba nimelibadilisha. Uongo wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu hata anayeusema anaweza kulala usingizi.

Ukafika mwaka ambao masika yalikataa kwisha. Tambarare ikawa ziwa la pili, watu wakatembea kwa mitumbwi kati ya migomba, na maji ya vijito yakachanganyika na yale ambayo hayafai kutajwa. Ndipo watu wakaanza kufa. Katumba Songwe walikufa, Bujonde wakafa. Wazee, kisha watoto, kisha watu wenye nguvu zao. Nilikuwa napita misibani mara mbili kwa wiki badala ya mara moja kwa mwezi. Karani wa pwani aliandika: tumbo, damu. Tumbo, damu. Mimi niliandika baridi mpaka kalamu ikawa inaandika kabla sijaambiwa.

Bwana mganga alishuka mwenyewe kutoka mlimani. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni, na siku ile alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Aliketi mbele ya kibanda changu cha kazi, madaftari mawili magotini, akalisoma la mwenzangu, akalisoma langu. Akajifuta shingo.

"Karani," alisema, "Bujonde kuna baridi?"

"Ipo, bwana mganga."

"Kali hivyo?"

"Ni upepo wa ziwani, bwana. Alfajiri unapita kwenye nafasi za mianzi ya kuta, watu wamelala na nguo zao zimelowa mvua."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Maneno yalinitoka yenyewe, mazuri, yamepangika, na kwa dakika moja nadhani hata mimi niliyaamini. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyefumbuliwa fumbo. Kisha akalisifia daftari langu. Alisema hati yangu ni nzuri kuliko ya makarani wote wa nchi hii, na kwamba mwaka ukiisha atanipandisha bomani nikae kwenye meza yenye kiti. Nilivimba kichwa. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nakichagua kiti.

Katumba Songwe wakaletewa watu wa kuchimba visima vyenye mifuniko, wakaamriwa kuchimba vyoo vya shimo mbali na maji, wakapewa dawa ya unga katika karatasi ndogo ndogo na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuinywa. Bujonde tuliletewa mablanketi. Pamoja nayo ilikuja amri: kila nyumba ikandikwe udongo, mianzi izibwe isipitishe upepo. Watu wa Bujonde ni watii wakiamua. Wakachimba udongo, wakakandika. Mashimo ya udongo yakajaa maji ya mvua, na kwa kuwa yalikuwa karibu na nyumba, wanawake wakawa wanachota humo.

Nilikwenda kumwamkia dada mvua zikiwa zinaelekea kwisha. Nilimkuta ameanika mpunga juu ya blanketi la serikali, anawafukuza kuku kwa ufito. Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni, kimya mno. Kando ya mlango kilikuwepo chungu cha mama yetu, kile cha shingo nyembamba, kimejaa maji. Alinipa mkeka, akanipa ndizi za kuchemsha, akaningoja nimalize. Hakuwahi kunigombeza nikiwa na njaa.

"Mdogo wangu," alisema, "sisi hatuumwi baridi."

"Najua, dada."

"Unajua?"

Aliuweka ufito chini.

"Huko Katumba wamepewa dawa. Yule mtu wenu wa kanzu anauliza tumbo, watu wake wanapewa dawa ya tumbo. Wewe unauliza nini ukienda kwa watu?"

"Nauliza kilichowaua."

"Basi ndiyo maana. Ukimuuliza mtu kilichomuua mwanawe, atakwambia nani amemkosea nani. Utapata kesi, hutapata ugonjwa. Uliza alivyoumwa. Kila mama hapa anajua alivyoumwa mwanawe, siku kwa siku, amemfulia nguo." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Nenda kamwambie mzungu wako. Wewe ndiye uliye karibu naye. Kusoma kwako ndiko tulikotaka kutusaidie siku kama hii."

Mwanamke huyo hakujua kusoma jina lake. Kwa maneno machache, huku anafukuza kuku, alinifundisha kazi niliyokuwa nimeifanya kwa miaka miwili. Nilimwambia ndaga, dada, nitakwenda. Nilisema hivyo nikimaanisha.

Njiani nilikutana na karani wa pwani, suruali imekunjwa magotini, kanzu mkononi, anavuka matope. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida yake, akaniambia, "Ndugu karani, huko kwako nako ni tumbo. Nimesikia kwa watu wanaovuka. Ukipenda tuandike barua pamoja, tuweke saini zote mbili. Mimi sitasema umekosea. Tutasema ugonjwa umevuka." Kumbe alikuwa ameshanitafutia na mlango wa kutokea bila kuaibika. Mtu niliyemwigiza kwa kugaagaa chini. Nami nikamjibu kwamba Bujonde ni kazi yangu, na kwamba nikihitaji msaada nitamwita.

Nilikuwa na hesabu yangu. Nikienda bomani kusema, itabidi niseme yote: kwamba kurasa za nyuma zote ni batili, kwamba upepo wa ziwani niliutunga pale pale kibandani. Kiti changu cha mlimani kitakwenda na maji. Lakini daftari lilikuwa limebakiza kurasa chache. Nikaona afadhali limalizike, lifungwe, lipelekwe, na katika daftari jipya nianze kuuliza kama alivyosema dada na kuandika ukweli kimya kimya. Bwana mganga angeona tumbo, tumbo, tumbo, angeleta dawa, na mimi ningekuwa karani hodari aliyegundua ugonjwa mpya. Wiki tatu tu, nilijiambia. Nikaendelea kuandika baridi ili daftari lisiwe na rangi mbili. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja hata nioe.

Daftari jipya lilifika siku ya soko. Kesho yake shemeji alimtuma mtu ufukweni kuniita.

Nilipofika walikuwa wameshamzika dada, kando ya migomba, mahali palipoinuka kidogo ambapo maji hayakufika. Mtoto alimtangulia kwa siku nne na hakuna aliyepata nafasi ya kuja kuniambia. Wanaume walikuwa wamesimama na mikuki, hawachezi ngoma ya msiba kama ilivyo desturi, wamechoka kucheza misiba. Wanawake walilia waliponiona, maana kaka ndiye anayeliliwa upya. Nikakaa kwenye mkeka ule ule. Chungu cha mama kilikuwa pale pale kando ya mlango, na maji yake ndani. Nilikiangalia chungu kile mpaka shemeji akakigeuza kukimwaga, nadhani kwa kuona jinsi nilivyokuwa nikikiangalia.

Sijui ni nini kilichonifanya nifungue daftari. Labda mikono ilikuwa haina pengine pa kwenda. Mama mkwe wake dada, mwanamke mzee aliyempenda kweli, aliponiona na kalamu akasema mwenyewe kabla sijauliza, kwa kuwa alishazoea: "Imbepo." Na akaeleza, kwa kunong'ona ili shemeji asisikie, kwamba ni kwa sababu ya msiba wa baba yake shemeji, ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mmoja na alikuwa amekonda, watu walinung'unika.

Nikamuuliza, "Mama, aliumwaje?"

Akaniangalia. "Leo ndiyo unauliza?"

Kisha akaniambia. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Alivyoomba maji akapewa ya chungu kile. Alivyoona haya kwa sababu ya nguo, akakataa kufuliwa na wakwe zake mpaka akashindwa kukataa. Alivyouliza kama mdogo wake ameshafika kwa mzungu, wakamwambia ameshafika, dawa inakuja. Mama yule alisema yote pasipo kukosea siku, kama dada alivyoniambia. Nikaandika mstari wa kwanza wa daftari jipya: mwanamke, mkubwa, kuhara damu. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika jambo la kweli katika safu ile.

Baada yake sikuandika mwingine mwezi ule. Maji yalikuwa yamekauka, na ugonjwa ukaondoka wenyewe, kama mgeni aliyekwisha kula.

Nilipanda bomani na madaftari yangu yote mawili, la zamani na jipya, nikiwa nimekusudia kukiri. Bwana mganga alikuwa ameondoka kwenda kwao kwa likizo, na hakurudi tena nchi yetu. Lakini alikuwa ameacha neno juu yangu. Mkubwa wa ofisi, mzungu ambaye sikupata kumjua, alinionyesha meza yenye kiti. Kazi ya kwanza kwenye kiti kile ilikuwa kunakili jumla ya vifo vya mwaka, kijiji kwa kijiji, kwenye karatasi kubwa ya kupelekwa kwa gavana.

Nikaandika Katumba Songwe. Nikaandika Bujonde. Chini ya Bujonde nikaandika baridi na idadi yake, idadi ambayo mikono yangu ilikuwa imeijenga mtu kwa mtu. Chini yake nikapiga mstari mpya, nikaandika kuhara damu, na mbele yake: mmoja. Nilikaa nikiangalia neno hilo. Watu wote wale walikufa naye kwa ugonjwa mmoja, wamekunywa maji mamoja, na katika karatasi yuko peke yake kama aliyekosea njia. Nikajiambia, haidhuru, angalau yeye yupo. Mtu atakayekisoma kitabu kitakachotoka humu siku moja ataona mmoja, atashangaa, atauliza.

Mkubwa wa ofisi alipita nyuma yangu akainama kuangalia. Aliweka kidole juu ya mstari ule.

"Mmoja?"

"Ndiyo, bwana."

"Mstari mzima kwa mtu mmoja? Karatasi haitoshi. Una hakika hukukosea?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kuliko siku nyingine zote. Aliuliza yeye mwenyewe. Ningeweza kusema: bwana, huyo mmoja ndiye sahihi, na hao wengi ndio makosa. Niliyafikiria maneno hayo, na nilimwona dada ameweka ufito chini, ananingoja nimalize kula. Nilikuwa kwenye kiti kwa siku ya pili tu.

"Huenda nimekosea, bwana," nilisema.

"Basi mtie kwenye baridi."

Nikachukua rula. Nikaukata ule mstari, nikaongeza moja kwenye baridi, nikanakili ukurasa wote upya ili usiwe na mkwaruzo. Alipouona ulivyotoka safi, naye akaisifia hati yangu.